Aliyeitikia Sauti Yake Mwenyewe

Haki ya Mungu, kisa hiki ni kweli tupu, kweli isiyotiwa maji. Ndivyo nilivyoapa juzi mbele ya benchi zima la kibanda cha chai, na ndivyo ninavyoapa tena hapa. Nimesoma mita za maji za mtaa huu mpaka nikastaafu, na msoma mita huingia uani kwa kila mtu akaona kilichoanikwa na kilichofichwa. Nikawaambia wazee wenzangu kwamba atakayenikamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, chai ya benchi zima iwe juu yangu. Wakasogea karibu. Chai ya bure huwafanya watu wasikilize vizuri.

Palipo na duka la rangi sasa, ukuta kwa ukuta na kibanda hicho, palikuwa na studio ya kurekodia muziki. Mwenye studio alikuwa fundi mitambo aliyeitwa Rudia. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na waimbaji. Mtu angeimba mpaka mishipa ya shingo imtoke, amalize, afute jasho, aanze kufikiria atakavyotembea mtaani siku wimbo ukitoka, na sauti ya fundi ingemfikia kutoka upande wa pili wa kioo ikiwa na neno moja tu: rudia.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha hatua chache. Kuta zilibandikwa trei za mayai, magodoro yalisimamishwa pembeni kama watu walioadhibiwa, na mlangoni palining'inia pazia zito ambalo zamani lilikuwa blanketi. Feni ilikuwepo, lakini ilinguruma, kwa hiyo maiki ikiwashwa feni ilizimwa. Waliorekodi pale walitoka wameloa kama waliooga na nguo zao. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ya mwangwi.

Mwangwi, kwa asiyejua, ni kazi ya mtambo. Mtambo huidaka sauti, ukaishika kidogo mkononi, ukairudisha nyuma ya ile ya kwanza. Fundi ndiye anayeamua irudi baada ya muda gani, irudi mara ngapi, na kila inaporudi ififie kiasi gani. Mafundi wengine humwaga mwangwi kama mtu anayetia chumvi kwenye sufuria akiwa amefumba macho. Rudia aliupima. Mwangwi wake uliingia kwenye upenyo kati ya neno na neno, ukakanyaga pale pale ngoma ilipokanyaga, ukatoka bila kuaga. Ukisikiliza hukujua kuna kitu kimeongezwa. Ulijua tu kwamba mwimbaji ana kifua kikubwa na kwamba nyuma yake kuna bonde. Siku moja alipiga chafya mitambo ikiwa imewashwa, akafunga mlango akaenda kula. Mwenye nyumba akapita nje, akaisikia chafya ile ikija kwa mara ya tatu, akasema, afya. Chafya ya nne ikamjibu asante. Mwenye nyumba hayupo tena kuthibitisha, lakini mimi alinieleza kwa mdomo wake nikiwa nimeinamia mita yake.

Fundi alikuwa na dada yake mkubwa, na huyo ndiye aliyemlea. Mtaa wote ulimwita Dada, hata waliomzidi umri. Mama yao alipofariki Rudia alikuwa bado wa kubebwa, na Dada, msichana ambaye mwenyewe alikuwa bado anahitaji kulelewa, alimfunga mgongoni akaenda naye kazini. Asubuhi alipiga pasi kwa dobi. Jioni alikwenda mazoezi ya bendi, maana alikuwa na sauti. Mtoto alilala mgongoni kwake huku yeye akiimba, na fundi alikuwa akisema kwamba muziki aliusikia kwanza kupitia mbavu za dada yake, ndipo masikio yakafuata.

Sauti ya Dada ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa sauti ya nyuma. Alikuwa mwitikiaji. Kiongozi husimama mbele, akaimba mstari, na waitikiaji humpokea: alichosema wanakirudia, alichokiacha nusu wanakimalizia. Dada aliitikia nyuma ya waimbaji wa kila aina, wenye majina na waliokuwa wakiyatafuta. Nyimbo zake zilipigwa kwenye kila redio ya mtaa, na jina lake halikutajwa hata kwenye moja. Hakulalamika. Kazi ya mwitikiaji ina adabu yake: humtangulii kiongozi, humkosoi, akipotea unapotea naye kwa heshima. Kwa kuwa alisimama nyuma miaka yote hiyo, waimbaji wakubwa aliwajua kwa visogo. Mtu akimtajia mwimbaji fulani maarufu, Dada alifikiri, kisha akasema, "Uso wake sijui kama nitaukumbuka. Lakini kisogo chake nikikutana nacho sokoni nitakisalimia."

Basi Dada akaanza kukohoa. Alikohoa kwanza kama mtu aliyepaliwa, baadaye kama mtu anayebishana. Daktari akampiga picha ya kifua, akaigeuza-geuza kwenye mwanga, kisha akamweleza kwa upole kwamba mapafu yake yanakauka, kama sifongo iliyosahaulika juani, na kwamba dawa iliyopo ni ya kupunguza mwendo, si ya kurudisha kilichokwenda. Pumzi itaendelea kufupika. Dada akauliza itafupika mpaka wapi. Daktari akaangalia viatu vyake.

Kutoka kwa daktari hakwenda nyumbani. Alikuja moja kwa moja studio, akaingia bila kubisha, akakaa kwenye kiti cha fundi akipumua kama aliyepanda mlima. Rudia akamletea maji. Akayaweka chini bila kuyanywa.

"Mdogo wangu," akasema, "maisha yangu yote nimekuwa mwangwi wa watu. Nina wimbo wangu nimeutunga mwenyewe, mfupi. Nataka nitangulie mimi. Mara moja tu, kabla pumzi haijaisha, nisikike mimi naanza, wengine ndio wafuate."

Fundi akauliza anataka waanze lini. Akajibiwa kwamba kama kuna siku nyingine mfukoni mwake aitoe, yeye Dada anayoiona ni leo.

Wimbo wenyewe ulianza na mstari huu: Leo mlango naufungua mimi. Uliobaki ulikuwa wa kufungua madirisha, kuwasha moto, kuwaamsha waliolala. Wimbo wa mtu anayeamka kabla ya wenzake. Akaitwa mpiga gitaa, jamaa aliyeitwa Ukucha kwa sababu ya kucha ya dole gumba aliyoifuga na kuitunza kuliko wengine wanavyotunza ng'ombe. Alikuwa amepiga bendi moja na Dada siku za nyuma. Alipoambiwa safari hii Dada ndiye kiongozi, alivua kofia, akasema kwamba yeye alishamwona Dada ni kiongozi tangu zamani, ila alikuwa anaogopa kuwaambia viongozi.

Asubuhi hiyo hiyo Dada alisimama mbele ya maiki. Fundi alikuwa bado anafungua fundo la waya wa hedifoni, akamwambia aseme chochote ili apime ukubwa wa sauti. Watu wengine hapo huhesabu moja mbili, wengine hutukana. Dada, akiwa amesimama na mkoba wake mkononi, masikio wazi, chumba kimya, akaimba tu: Leo mlango naufungua mimi.

Ukucha aliyekuwa akikaza nyuzi aliacha. Fundi aliinua kichwa. Sauti ilikuwa imesimama yenyewe, haikuegemea kitu. Lakini ulikuwa mstari wa kupimia maiki, na mstari wa kupimia maiki fundi haufikirii zaidi ya seremala anavyofikiria vumbi la mbao. Mtambo ulikuwa unarekodi kwa mazoea, mstari ukabaki humo. Rudia akasema sawa, sauti inafika, tuanze. Akamvalisha dada yake hedifoni, akarudi nyuma ya kioo, na kwa mapenzi yake yote akafanya kile alichokuwa akiwafanyia waimbaji wote aliotaka wajisikie wakubwa. Akamtilia mwangwi masikioni.

Hapo sina budi kueleza. Mwimbaji akivaa hedifoni anasikia gitaa na anajisikia mwenyewe. Ukimpa sauti yake kavu, anajiona mdogo, kama mtu anayeimba ndani ya kabati. Ukimtilia mwangwi kidogo, anajiona yuko ukumbini, mabega yanashuka, sauti inafunguka. Ni desturi ya kazi, na kwa wengi inasaidia. Rudia hakumpimia dada yake kidogo. Alimjazia, kama unavyomjazia sahani mtu aliyekulea.

Gitaa likaanza. Dada akaimba mstari wa kwanza, vizuri. Kisha akachelewa. Gitaa lilifika mahali pa mstari wa pili, Dada akawa bado kimya, midomo wazi, macho yametulia kama ya mtu anayemsikiliza mwenzake amalize kuzungumza. Alipoingia, gitaa lilishapita. Mstari wa tatu akachelewa zaidi. Maneno yenyewe yakawa yanajivuta, kama anayetembea huku amemshika mtoto mkono.

"Rudia," fundi akasema.

Akarudia. Akachelewa pale pale. Wakapumzika, akanywa maji, akakohoa, akajaribu tena. Fundi akafikiri ni uchovu. Akamwambia aende nyumbani, waje kesho.

Kesho ikawa vile vile, na keshokutwa yake. Dada alikuwa na nguvu za saa za asubuhi tu. Jua likisimama kichwani pumzi inakwisha. Kila asubuhi alikuja na kidogo zaidi ya kikohozi na kidogo pungufu ya sauti. Na kila alipochelewa, fundi alilisoma jambo hilo kama anavyosoma fundi: mwimbaji anakata tamaa, anahitaji kutiwa moyo. Akaongeza mwangwi. Ulikuwa unarudi mara mbili, akaufanya urudi mara tatu, kisha zaidi. Dada akachelewa zaidi. Fundi akaongeza zaidi. Ikawa kama wale wawili wanaopishana mlangoni, huyu anasema pita wewe, yule anasema la, pita wewe, na nje mvua inanyesha.

Ukucha alijaribu kupunguza mwendo wa gitaa ili amfikie. Haikusaidia, alipopunguza, naye Dada alipunguza. Siku moja wakati Dada ametoka kupata hewa, Ukucha akamwambia fundi kwamba kuna kitu kinamkera na hakijui jina. Dada haimbi kama aliyechoka, akasema. Anaimba kama alivyokuwa akiimba kwenye bendi. Fundi akamjibu kwamba bendi imekwisha miaka mingi na kwamba yeye aangalie kucha yake isipasuke.

Siku iliyowafumbua macho, Dada alikuwa amepata mistari miwili, akashindwa wa tatu, akashika kifua. Fundi akaingia ndani kumpa kiti. Dada akavua hedifoni, akaziweka magotini, akazitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekaa sana.

"Mdogo wangu, sisemi kwa ubaya," akasema. "Lakini huyu mwenzangu mbona ananichelewesha?"

"Mwenzako yupi, Dada?"

"Huyu anayetangulia. Huyu uliyemweka humu masikioni. Anasema mlango naufungua mimi, mimi, mimi, hamalizi. Nangoja amalize ndipo nipokee. Nikimngoja gitaa linaniacha."

Rudia akazichukua hedifoni, akazivaa, akamwomba Ukucha apige mlio mmoja mbele ya maiki. Akaupokea ule mlio ukija, ukija tena, ukija tena, kila mmoja nyuma kidogo ya mwenziwe. Akaelewa. Sauti ya dada yake ilikuwa inamtoka mdomoni na kumrudia masikioni kama ya mtu mwingine. Na sikio lile, lililofundishwa maisha yote kwamba mtu akiimba wewe nyamaza, msikilize, akimaliza mpokee, lilikuwa limeisikia sauti hiyo likampisha. Hakuwa anaimba wimbo wake. Alikuwa anauitikia. Na kila fundi alipomtia moyo, alikuwa anamwongezea kiongozi wa kumfuata.

Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakusema siku ya kwanza. Dada akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwitikiaji hamkosoi kiongozi," akasema.

Wakaondoa mwangwi. Fundi aliuzima mwenyewe, akachomoa mpaka waya, akaurusha pembeni kama nyoka aliyekufa. Gitaa likaanza, hedifoni zikiwa na gitaa tu. Dada akasimama. Mahali pa kuanzia pakafika, pakapita. Wakaanza upya, pakapita. Alifungua kinywa, pumzi ikaingia, haikutoka na neno. Alikuwa anangoja. Mbele yake hapakuwa na sauti, hapakuwa na kisogo, palikuwa na trei za mayai. Akacheka kidogo, akasema kwamba labda akipata kisogo atazoea. Fundi akaingia akasimama mbele yake, akampa mgongo, kichwa ameinamisha, kama walivyosimama wale wakubwa. Ukucha akapiga. Wakangoja wote wawili. Dada alikuwa anamngoja mdogo wake aanze, na yule aliyewahi kulala mgongoni kwake akasikia pumzi yake ikigonga kisogo chake, fupi, fupi, bila wimbo.

Hata hivyo alijaribu. Katika yale majaribio alipata maneno, hapa neno, pale neno, kama mtu anayeokota vitu gizani. Ndipo kikohozi kikamshika kisimwachie. Ukucha akakimbia kutafuta gari. Hospitali wakamvalisha bomba la hewa puani, wakamlaza karibu na mtungi wa oksijeni uliokuwa ukitoa sauti ya maji yanayochemka, na daktari akasema wazi kwamba kuimba basi. Kuzungumza kwenyewe, azungumze yale ya lazima.

Fundi akarudi studio akafunga pazia. Alikuwa ameahidi wimbo, na mwenye wimbo alikuwa bado hai, akaona kazi haijaisha. Akazifungua rekodi zote. Akachukua yale aliyoimba kwa kuchelewa, akayasogeza mbele neno kwa neno kwenye kompyuta, kila neno akalipeleka mahali pake chini ya gitaa. Alipomaliza, kila kitu kilikuwa kimefika kwa wakati, na hakuna kilichokuwa kizima. Ilikuwa kama mtu anayesukumwa mgongoni: anafika, lakini hakuja. Akafuta yote.

Kilichobaki ni ule mstari wa kupimia maiki. Aliusikia akasimama, akazunguka chumba, akarudi akausikia tena. Leo mlango naufungua mimi. Hakuna aliyekuwa mbele yake pale. Lilikuwa jambo la mara moja, lililotokea kwa bahati, wakati waya wa hedifoni umejifunga fundo. Kama waya ule ungeendelea kuwa na fundo asubuhi nzima, wimbo ungekuwepo. Fundi aliufikiria waya huo mpaka kichwa kikamuuma.

Mstari mmoja hauwezi kuwa wimbo. Lakini fundi alikuwa Rudia, akafikiri atafanya analolijua. Atauweka mstari mbele kabisa, mkavu, halafu ile "mimi" ya mwisho ataikabidhi kwenye mwangwi, uibebe juu ya gitaa mpaka mwisho, iwe kama Dada anatembea mbali lakini bado yuko mbele. Alikaa na vitufe vile kwa asubuhi nyingi. Na mwangwi, ambao ulikuwa umemtii maisha yote, ukamwonyesha kwamba una tabia mbili tu. Ukiupunguza, unakufa: mimi, mimi, mi, kisha gitaa tupu, mtu ameondoka mwanzoni mwa wimbo. Ukiuongeza kwa kitufe kiasi cha unywele, unaanza kujila wenyewe: kila mimi inaizaa kubwa zaidi, mpaka inakuwa mlio mmoja usio na mtu ndani. Kati ya kufa na kelele alitafuta mahali pa kusimama. Hakuna. Hilo fundi yeyote atakwambia, na yeye alikuwa akiwaambia wanafunzi kila mara, ila hakuwahi kuwa na sababu ya kulichukia.

Mwishowe akachagua kufa polepole. Akafanya kila mwangwi ufifie kidogo na upoteze makali kidogo, kama sauti ya mtu anayeingia vyumba vya ndani zaidi, na mpaka gitaa linamaliza kukawa na kitu kama kivuli cha sauti, ukijua pa kusikiliza. Akaupeleka hospitali.

Dada alivaa hedifoni juu ya lile bomba la hewa. Fundi akabonyeza. Alimwona dada yake akisikia mstari wa kwanza, akamwona akifumba macho. Kisha midomo ikaanza kwenda. Fundi akafikiri, anaimba. Akainama karibu na mdomo wake asikie.

Hakuwa anaimba. Alikuwa anangoja kila mwangwi upite, kisha kwa pumzi isiyoweza kutikisa uzi, anaupokea. Mimi, ulisema mwangwi. Mimi, akaitikia Dada. Akafuata hivyo hivyo hadi mwisho, kwa adabu, bila kukosea hata mara moja. Wakati huu hakuchelewa.

Akavua hedifoni, akamrudishia.

"Umepata kiongozi mzuri," akasema, akapumzika, akavuta hewa. "Mwambie nimechoka kumfuata."

Hayo ndiyo yalikuwa ya lazima. Baada ya siku hiyo hakusema mengi tena, na juma hilo halikuisha naye. Wimbo haukutoka. Ukucha aliupeleka redio moja kwa ujasiri wake mwenyewe, wakamwambia kwa heshima kwamba huo si wimbo, ni mstari mmoja na kelele za nyuma, labda siku nyingine alete uliokamilika. Fundi alirekodi watu wengine wawili watatu, lakini alikuwa hawezi tena kusema neno lake. Mwimbaji anakosea, fundi ananyamaza. Mtu haendi kurekodi kwa fundi anayenyamaza. Akang'oa trei za mayai, akagawa magodoro, na mwenye duka la rangi akaingia.

Hapo kisa kingeisha, na kingeisha kikiwa kweli. Lakini benchi zima lilikuwa limeinamisha vichwa, muuza chai ameacha kuosha vikombe, na mimi sikuwahi kupenda kuwaacha watu hivyo. Nikaongeza kipande. Nikasema kwamba siku ya kuhama fundi alisahau jambo moja: hakuuzima mwangwi. Mtambo ulichukuliwa, lakini ule mwangwi wa mwisho ulikuwa umekwishaingia ukutani, na ukuta ule, ule ule nyuma ya rafu ya vikombe, bado unauzungusha. Nikawaambia waweke sikio. Watamsikia Dada, mbali, anasema mimi, mimi, na hakuna aliyemtangulia.

Wakainuka, naapa, watu wazima wenye magoti mabovu, wakaweka masikio ukutani. Mmoja akasema anasikia kitu. Mwingine akasema hiyo ni mashine ya duka la rangi inayochanganya rangi. Wa kwanza akasema hapana, ni sauti ya mwanamke. Wakaanza kubishana, na mimi nikaanza kufurahi.

Mwisho wa benchi, upande wa ukuta, palikuwa na mtu aliyevuta kofia usoni, anakoroga chai bila kuinywa. Hukaa hapo siku zote. Hazungumzi, na nilikuwa nimemzoea kama unavyozoea nguzo, ndiyo maana nilisahau kuangalia kama yupo kabla sijafungua mdomo.

"Niliuzima," akasema Rudia.

Wakageuka wote.

"Niliuzima mimi mwenyewe, nikangoja mpaka taa ya mtambo ikafa." Aliweka kijiko kwenye sahani, taratibu, kisitoe mlio. "Na bado nakuja hapa kila siku nakaa upande huu nasikiliza. Ukuta huo hauna kitu."

Walioweka masikio wakayatoa mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka, hata wale ambao wangepaswa kucheka, maana nilikuwa nimekamatwa mchana kweupe na mwenye kisa mwenyewe.

Nikamwambia muuza chai alete ya benchi zima, juu yangu. Akaleta. Rudia aliipokea yake kwa mikono miwili, akasema asante, akaiweka kando ya ile iliyopoa, akarudisha sikio ukutani.